Gesi ya Katwe na Harufu ya Kinywa

Ukitoka Kinyamaseke, magharibi mwa Uganda, ukashuka hadi Kikorongo, kisha badala ya kushika njia ya Kasese mjini ukaelekea Katwe, pua itakuambia umefika kabla macho hayajaliona ziwa. Ni harufu ya yai viza. Ziwa Katwe limekaa ndani ya shimo la volkano, halina mto unaotoka, na maji yake yamejaa chumvi, magadi na salfa. Chini kwenye tope jeusi, ambako oksijeni haifiki, wanaishi bakteria wanaoichukua salfa iliyomo majini na kuitoa ikiwa gesi. Wanakemia huiita haidrojeni salfaidi. Mgeni hushika pua. Wachimba chumvi wenyewe, waliosimama majini tangu alfajiri, hawaisikii tena, maana pua ya binadamu huizoea upesi harufu inayoshinda nayo.

Gesi hiyohiyo, kwa kiasi kidogo mno, hutoka kila asubuhi katika kinywa cha karibu kila mtu, awe wa Bwera, wa Kampala au wa London. Tangu mtu wa kwanza awaone bakteria wa kinywani hadi mtu mwingine alipoipima gesi yao, ilipita karibu miaka 300. Katika muda wote huo lawama zilitupwa huku na huko: tumbo, minyoo, damu chafu, uvivu, laana. Hata Ayubu, katika Biblia, aliweka pumzi yake iliyomchukiza mkewe miongoni mwa mateso aliyoletewa, wala hapakuwa na rafiki wa kumshauri atazame ulimi wake.

Nianze na chumvi, kwa kuwa ndiyo iliyoipa nchi hii jina kabla ya shaba na kabla ya kahawa. Chumvi ya Katwe ilibebwa vichwani na kwa mitumbwi kwenda Ankole, Rwanda na ng'ambo ya mpaka ambao wakati huo haukuwepo, kwa Wanande wa Kongo ambao ni ndugu wa Wakonzo wa Kasese. Ufalme wa Bunyoro chini ya mfalme Kabalega uliitaka, na ufalme wa Toro uliitaka. Mpelelezi Stanley alipita hapo mwaka 1889 akiwa na gavana Emin Pasha, na mwaka 1891 kapteni Mwingereza Lugard akajenga ngome juu ya ziwa, akaiita Fort George, kwa sababu aliyeshika chumvi alishika kodi. Hadi leo vidimbwi vya pembeni mwa ziwa vina wenyewe, vikirithiwa katika familia. Kiwanda kikubwa kilichojengwa na Wajerumani kuelekea miaka ya 1980 ndicho kilichokufa: maji yale yaliyatafuna mabomba yake, na mabaki yake yangali pale yakila kutu.

Chumvi hiyo haikuishia kwenye chungu. Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, kabla ya dawa ya meno ya dukani, kinywa kilisafishwa kwa kijiti kilichotafunwa ncha mpaka kikawa na nyuzi, pamoja na mkaa uliosagwa, majivu au chumvi. Mtu mwenye fizi zinazouma alisukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, na manesi wa leo hawana ugomvi na dawa hiyo. Huko pwani, mswaki wa mti ulikuwa sehemu ya udhu na adabu ya kuingia msikitini. Watu walijua kwamba kinywa kisichosafishwa hunuka. Wasichokijua ni nani anayenuka humo ndani.

Mtu wa kwanza kuwaona bakteria wa kinywani naye alikuwa anatumia chumvi. Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, hakusoma chuo wala hakujua Kilatini, lakini alisaga lenzi ndogo kwa mikono yake zilizokuza vitu kuliko lenzi za wasomi wa wakati wake. Mwezi Septemba 1683 aliiandikia Royal Society ya London barua ambayo mtu wa Katwe angeielewa tangu mstari wa kwanza: alieleza kwamba ana desturi ya kusugua meno kwa chumvi kila asubuhi, kisha husukutua kwa maji, na akila huchokonoa meno yake. Hata hivyo, katikati ya meno palibaki utando mweupe, mzito kama uji. Akautoa, akauchanganya na maji safi ya mvua, akautazama. Ulikuwa umejaa viumbe hai. Wengine walikwenda mbio, wengine walizunguka kama pia, wengine walijipinda wakisonga mbele.

Hakuridhika na kinywa chake. Alichukua utando wa meno ya wanawake wawili, wa mtoto, na wa wazee wawili. Mmoja wa wazee hao hakuwahi kuosha kinywa chake maisha yake yote. Kwa mzee huyo maji yote yalionekana kama yanaishi. Leeuwenhoek aliandika kwamba viumbe waliomo katika kinywa cha mtu mmoja ni wengi kuliko watu wa nchi yake nzima. Kisha akaongeza maneno ambayo madaktari walipaswa kuyaandika ukutani: kwamba wengi wasiosafisha kinywa hunuka mpaka huwezi kusema nao, na watu husema pumzi yao inanuka, ilhali mara nyingi kinachonuka ni kinywa chenyewe.

Alijaribu pia siki. Viumbe waliochanganywa na siki moja kwa moja walikufa, lakini siki iliyosukutuliwa kinywani haikupenya hadi ndani ya ule utando. Hapo, katika barua moja ya mwaka 1683, ulikuwa umepata bakteria, harufu, na sababu inayofanya maji ya kusukutua yashindwe na utando usiosuguliwa. Mtu angedhani kesi imekwisha.

Haikuisha, kwa sababu hakuna aliyekuwa na lenzi kama zake, naye hakupenda kuwaonyesha wengine namna alivyozitengeneza. Nadharia ya funza wa meno, iliyoandikwa kwenye vigae vya Babeli maelfu ya miaka nyuma, iliendelea kutawala vijijini na mijini. Mfaransa Pierre Fauchard aliikana mwaka 1728 katika kitabu chake juu ya upasuaji wa meno, akisema amechunguza na hakuona funza wowote. Waganga wa sokoni waliendelea kumtoa funza, na walioumwa waliendelea kulipa.

Karne ya 19 ilileta nusu ya jibu. Willoughby Miller, Mmarekani aliyefanya kazi Berlin wakati wa mtaalamu wa bakteria Robert Koch, alitumia mbinu za maabara za Koch kuonyesha kwamba bakteria wa kinywani hula wanga na sukari, hutoa asidi, na asidi hiyo huyeyusha jino. Kitabu chake juu ya vijidudu vya kinywa kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1890. Kilikuwa kitabu kizuri, na kwa maoni yangu ndicho kilichotupoteza njia kwa miaka 80 iliyofuata. Kwa kuwa Miller alieleza kuoza kwa jino vizuri hivyo, tangu hapo kila aliyesema kinywa alimaanisha jino. Vyuo vilifundisha jino, mswaki ulitengenezwa kwa ajili ya jino, dawa ikaitwa dawa ya meno. Lakini bakteria wa asidi, wapenda sukari, sio wanaonuka sana. Wanaonuka ni wengine, wapenda protini, na wengi wao hawakai kwenye jino hata kidogo.

Pengo hilo lilijazwa na wafanyabiashara. Mwaka 1879 huko St. Louis, Marekani, Joseph Lawrence alitengeneza dawa ya kuua vijidudu kwenye vyumba vya upasuaji, akaipa jina la Listerine kwa heshima ya daktari Mwingereza Joseph Lister. Ilipofika miaka ya 1920 kampuni iliyoimiliki iliamua kuiuza kama tiba ya kinywa kinachonuka. Ikachukua kutoka lugha ya madaktari jina la kutisha lenye sura ya Kilatini, halitosis, na kulisambaza magazetini pamoja na picha za wasichana waliokosa waume bila kujua kwa nini. Utajiri uliopatikana hapo haukutokana na elimu mpya yoyote juu ya bakteria. Ulitokana na aibu, na aibu haihitaji maabara.

Dunia hiyo ya maduka iliifikia Kasese kwa garimoshi. Reli ya magharibi ilifika mwaka 1956, na mwaka huohuo mgodi wa shaba wa Kilembe ukaanza uzalishaji. Vijana walishuka kutoka milima ya Rwenzori, wengine walitoka Kongo na Rwanda, Kiswahili kikawa lugha ya kazi, na mshahara ukanunua vitu ambavyo baba zao hawakuvinunua: sukari, chai ya maziwa, sigara, dawa ya meno kwenye tyubu. Kijiti cha mti kikaanza kuonekana kitu cha kishamba. Sukari ilikuja mbele na daktari wa meno akabaki nyuma sana, kwani shule za udaktari wa meno za Nairobi, Muhimbili na Makerere zilizaliwa katika miaka ya 1970 na ya mwanzo ya 1980. Kabla ya hapo, mtu wa Bwera mwenye jino bovu alikuwa na dawa moja, nayo ni koleo.

Wakati Kilembe inachimba, huko Vancouver, Kanada, mwanakemia Joseph Tonzetich alikuwa anauliza swali rahisi: harufu ya kinywa ni nini hasa, ukiipima? Alianza na mate. Mate yaliyochujwa yakabaki maji matupu hayakunuka. Mate yenye seli zilizokufa, mabaki ya chakula na bakteria, yakiachwa kwenye joto, yalioza na kunuka. Mwaka 1971 alichapisha vipimo vya hewa ya kinywa yenyewe iliyopitishwa katika mashine ya kutenganisha gesi. Zikaonekana gesi tatu za salfa. Ya kwanza ni haidrojeni salfaidi, ileile ya Katwe. Ya pili ni methili merkaptani, yenye harufu ya kabichi iliyooza, ambayo huzidi pale fizi zinapougua. Ya tatu, dimethili salfaidi, mara nyingine hutoka ndani ya mwili kupitia damu na mapafu.

Chanzo chake si salfa ya maji kama kule ziwani. Ni protini. Baadhi ya amino asidi, sisteini na methionini, zina salfa ndani yake, nazo zimo katika nyama, samaki, maharage, maziwa, makamasi yanayoshuka kooni, damu ya fizi na ngozi ya kinywa inayojimenya kila siku. Bakteria wasiotaka oksijeni huzivunja na kuachia gesi. Majina yao ni ya kuuma ulimi: Fusobacterium nucleatum, Porphyromonas gingivalis, Treponema denticola, na wenzao katika aina zaidi ya 700 zilizokwisha kutambuliwa vinywani mwa watu. Makao yao makuu ni sehemu ya nyuma ya ulimi, yenye vinyweleo na mifereji ambamo hewa haifiki, na mifuko kati ya jino na fizi.

Chukua kijiko, uukwangue ulimi taratibu kutoka nyuma kabisa, utazame kilichokuja. Ni ute wa manjano au kijivu, mara nyingine wenye rangi ya chai. Uache dakika moja ukauke, kisha unuse. Hapo utajua wanachokisikia wenzako. Kupuliza kiganjani ukanusa hakusaidii, kwa sababu pua yako ni kama ya mchimba chumvi wa Katwe, imekwisha kuizoea.

Mate ndiyo mlinzi wa eneo hilo. Yana oksijeni, huosha, hupunguza bakteria. Usiku mate hupungua karibu kuisha, ndiyo maana kila mtu huamka na kinywa kizito. Anayefunga Ramadhani hupata hali hiyohiyo kuanzia adhuhuri. Pombe kali ya waragi hukausha kinywa, sigara hukausha, na anayelala mdomo wazi kwa sababu ya pua iliyoziba hukikausha usiku kucha. Kwa watu wengi wenye harufu ya kudumu, kati ya 8 na 9 katika kila 10, chanzo ni kinywani. Wanaobaki hugawana tezi za koo, pua, kisukari kisichodhibitiwa, ini na figo. Tumbo, ambalo ndilo linalolaumiwa kuliko vyote, lina sehemu ndogo sana, maana umio hufungwa muda mwingi. Lakini nenda zahanati yoyote ya Bukonzo ukae benchi uwasikilize wagonjwa. Atakayekuja kwa ajili ya harufu, akipata ujasiri wa kuitaja, ataanza hivi: «Musawo (daktari), tumbo langu limeharibika.» Naye atataka vidonge vya minyoo.

Kasese, kwa bahati, ina historia yake ya bakteria na salfa ambayo watoto wa shule wangepaswa kufundishwa. Kilembe ilipofungwa mwaka 1982 iliacha kando ya mji lundo la takriban tani milioni moja za mchanga wa pairiti, mawe ya chuma na salfa yenye kobalti ndani. Mvua ilipoligusa, lilitoa maji makali yaliyounguza mimea. Mwaka 1999 kampuni ya Kasese Cobalt ilianza kulisafisha kwa kutumia bakteria: matangi makubwa yaliyopulizwa hewa, na ndani yake vijidudu vinavyokula salfa ya pairiti na kuachia kobalti. Kwa zaidi ya miaka 10 mji uliuza kobalti iliyofunguliwa na viumbe wa jamaa moja na wale ambao Leeuwenhoek aliwaita wanyama wadogo. Wafanyakazi wa kiwanda walijua jambo ambalo matangazo ya dawa za kusukutua hayalisemi, kwamba bakteria hawawi kitu kibaya au kizuri hadi ujue wamekaa wapi na wanakula nini.

Kwa kukosa kujua hilo, Uganda imelipa gharama nzito, na waliolipa ni watoto wachanga. Mwaka 1969 mtafiti wa Denmark, Jens Pindborg, alichapisha maelezo ya watoto wa Uganda waliochimbuliwa machonge kabla hayajaota. Mtoto anaharisha, ana homa, hanyonyi; bibi au mganga anafungua kinywa, anaona fizi imevimba mahali chonge linapojiandaa, anasema kuna meno ya uongo yenye funza. Huletwa kisu au spoku ya baiskeli iliyonolewa. Kichipukizi cha jino, cheupe na laini, hutolewa na kuonyeshwa kwa mama kuwa ndiye huyo funza. Tanzania wameyaita meno ya plastiki. Baadhi ya watoto hao walikufa kwa kutoka damu, pepopunda au sumu iliyoingia katika damu, na waliopona walikua na mapengo au meno yaliyopinda. Kuharisha kwenyewe kulitibika kwa maji yenye chumvi na sukari. Funza wa Babeli, ambaye Fauchard alimkana mwaka 1728, alikuwa bado anaua.

Miaka ya 1980 ilileta ugonjwa mwingine uliofanya harufu ya kinywa kuwa alama ya kuogopwa. UKIMWI uliposhusha kinga ya mwili, bakteria walewale wa kila siku walipata nafasi ya kula fizi za wagonjwa wengine mpaka mfupa ukaonekana, na harufu yake haikufichika. Ugonjwa huo wa fizi hutibika kwa kusafishwa, dawa ya metronidazole na chakula. Lakini majirani walipoisikia harufu walisogeza kiti, na wagonjwa wengi walinyamaza nyumbani.

Kisha ukaja Juni 2019. Mtoto wa miaka 5 aliyevuka mpaka kutoka Kongo na familia yake alifikishwa hospitali ya Kagando, si mbali na Kinyamaseke, na tarehe 11 Wizara ya Afya ikatangaza kuwa ni Ebola. Kwenye kivuko cha mpaka cha Mpondwe kulikuwa na mabirika ya maji yenye klorini na watu wa kupima joto la mwili. Watu wa mpaka walijifunza kwa haraka kwamba kisichoonekana kinaweza kuwa mkononi. Mwaka uliofuata serikali iliamuru barakoa kwa sababu ya korona, na hapo likatokea jambo dogo: watu wengi, kwa mara ya kwanza maishani, waliisikia pumzi yao wenyewe. Walishtuka, wakanunua pipi za mnanaa. Pipi zenye sukari, zinazowalisha bakteria wa Miller huku zikiwafunika kwa saa moja wale wa Tonzetich.

Yanayohitajika ni ya bei ndogo. Mswaki, wa dukani au wa mti, asubuhi na kabla ya kulala. Kijiko cha kukwangua ulimi, kuanzia nyuma kwenda mbele, taratibu, bila kutoa damu. Uzi au kijiti chembamba katikati ya meno. Maji ya kutosha. Dawa ya kusukutua yenye zinki husaidia kwa muda, kwa kuwa zinki huikamata salfa kama shaba ilivyoikamata katika miamba ya Kilembe, lakini haiondoi utando. Mwenye siki wa Delft alikwisha kutuambia. Ukifanya hivyo wiki mbili na harufu ikabaki, au fizi zikitoa damu kila unapopiga mswaki, nenda ukaonwe meno na fizi kwenye hospitali iliyo karibu nawe, Kagando au Bwera, na usianze na vidonge vya minyoo. Na mwenye mtoto mchanga anayeharisha, tafadhali, mpe maji ya chumvi na sukari, umpeleke zahanati, wala usimruhusu mtu yeyote aguse fizi zake.